Kutoka Herufi ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimeacha kukupigia simu kwa sababu anayepokea ni wifi, naye ameambiwa alale mpaka ajifungue, sasa kila nikipiga namwinua mjamzito kitandani ili aniambie wewe hupo. Kwa hiyo nakuandikia. Utasoma ukitoka kazini.

Kiti chako kimekuwa changu kwa mwaka mzima sasa na bado kinalia upande wa kushoto. Mengine yote uliyoniachia hapa hospitalini nimeyazoea, isipokuwa jambo moja. Ijumaa daktari mpya wa maabara alishuka mwenyewe mpaka chumba cha kompyuta. Ni yule aliyekuja Oktoba na mashine yake mpya, akachukua nafasi ya mzee wa darubini. Mtu mpole, hana makuu. Alisimama mlangoni akaniuliza kama kweli ujumbe wa majibu unawafikia wagonjwa, maana kila mwezi anaandika fulani arudi, fulani arudi, na hao akina fulani hawarudi.

Nilimwonyesha kwamba kila asubuhi unatumwa na kila asubuhi unapokelewa. Akashukuru, akaondoka, lakini uso wake haukuridhika. Wangu pia. Nimepitia kila kitu nimebaki na ule mstari wako mmoja wa amri ya kompyuta unaochukua majibu kutoka kwenye faili la maabara na kuyapeleka kwenye simu: cut -c 31-70. Naubonyeza kila siku kama swichi ya taa na sijui unafanya nini. Nieleze taratibu, usijitie profesa.

Mdogo wako,
Miwani

Jumatano, 6 Machi

Miwani,

Marahaba. Mwaka mzima unakalia kiti changu na leo ndiyo unauliza? Haya, vaa hiyo miwani vizuri.

Faili la maabara lina mstari mmoja kwa kila mgonjwa. Mwanzoni namba yake ya hospitali, kisha namba ya simu, kisha tarehe, kisha majibu. Cut ni mkasi tu. Hausomi, hauelewi, unakata pale ulipoambiwa ukate. Ile -c inauambia uhesabu herufi, na nafasi tupu kati ya maneno nayo inahesabiwa kama herufi. Ukisema 31-70 unauambia hivi: katika kila mstari niletee kuanzia herufi ya thelathini na moja, uishie ya sabini, kilichobaki achana nacho. Majibu yanaanzia ya thelathini na moja. Basi.

Utaniuliza kwa nini niliishia sabini. Kwa sababu mashine ya zamani ilikuwa na tabia ya kuandika takataka zake mwisho wa mstari, saa, namba za kiwandani, na kuna bwana mmoja alitumiwa hizo namba akaja juu hapo hospitalini anataka kujua ni ugonjwa gani huo. Na mzee wa darubini alikuwa mchoyo wa maneno, unamkumbuka. "Salama." "Aje kuonana na daktari." Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema na mtu. Nilimpa nafasi ya herufi arobaini nikaona nimemfanyia ukarimu.

Ule mstari hauna tatizo. Wagonjwa hawarudi kwa sababu watu hawapendi hospitali, mwambie daktari wako azoee. Mama yetu mwenyewe ilibidi umvute kwa kamba kwenda kupima kile kinundu chake, si ndiyo? Ule ujumbe wa majibu yake wa Novemba alinitumia na mimi, hakuna dalili ya ugonjwa, na akanipigia simu anacheka mpaka anakohoa. Sijaufuta mpaka leo. Siku kazi ikinielemea naufungua nausoma.

Wifi yako anakusalimia kwa kulala.

Kaka

Jumanne, 12 Machi

Mwanangu,

Mambo mazito siyasemi kwenye simu, unanijua. Bahasha hii anakuletea mwanafunzi wangu wa udereva aliyepata leseni wiki jana, kwa hiyo ikikufikia ujue na yeye kafika salama na sifa ni zangu.

Jumamosi uliponiambia nisimamishe gari nilidhani unataka kutapika. Nilisimama pale karibu na uwanja wa mpira, nikawasha taa za dharura kama ninavyowafundisha, ndipo ukatoa kile kikaratasi. Nimekisoma tena mara nyingi tangu uondoke. "Hakuna dalili ya ugonjwa kwenye kipande kilicholetwa, ila kipande ni kidogo mno na hakitoshi. Mgonjwa arudi wiki hii achukuliwe kingine." Kwenye simu yangu imeandikwa mpaka pale kwenye kipande. Majirani wote niliwaonyesha. Na mwenye kuuza mkaa nilimwonyesha.

Ulinieleza habari za herufi na mkasi huku unalia, sikuelewa kitu. Nilipokuwa peke yangu nikaelewa. Huyo daktari ana adabu, anaanza na la kumpoza mtu moyo, baya analiweka nyuma. Na mkasi wenu unachukua mbele. Kwa hiyo kila aliyeandikiwa habari mbaya alipata ile nzuri peke yake.

Usiniombe msamaha tena. Umesema ujumbe ulitumwa na kidole chako na kwamba mmekatazwa kusoma majibu ya watu. Nimesikia. Nina hasira, sitakuficha, juzi nimemfokea msichana wa watu kwa kuzima gari kwenye mlima mpaka akashuka akaenda kwao kwa miguu. Lakini hasira yangu sijui niielekeze wapi, kwa hiyo usijipendekeze kuichukua yote.

Nakuja Alhamisi kuchukuliwa hicho kipande kingine cha kinundu. Andaa kitanda, lile kochi lako sililalii. Na jambo moja, nataka unisikilize kama mtoto. Kaka yako asijue. Mkwe wangu kaambiwa asipate mshtuko wa aina yoyote mpaka azae, na kaka yako uso wake haujui kuficha, akiingia tu nyumbani mkewe ataona. Ya kompyuta mweleze, lazima arekebishe. Ya mama yake niachie mimi. Mtoto akizaliwa nitamwambia mwenyewe.

Mama yako

Alhamisi, 14 Machi

Kaka,

Shikamoo. Tatizo tumelipata, na liko kwenye ule mstari.

Daktari mpya haandiki kama mzee. Anaandika sentensi nzima, wakati mwingine mbili tatu, na zinavuka herufi ya sabini. Mkasi unakata, mgonjwa anapata mwanzo. Na yeye huanza na jambo la kutia moyo. Nilipomwonyesha kilichokuwa kinawafikia watu alivua koti lake jeupe akalikunja, akaliweka magotini, akawa analitazama tu. Aliniuliza, "Kwa hiyo wote niliowaandikia warudi, nyinyi mmewaambia wamepona?"

Tangu Jumatatu tunawapigia simu mmoja baada ya mwingine, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine. Mkuu wa kitengo angependa turekebishe kimyakimya. Daktari amemwambia kimyakimya ndiyo iliyotufikisha hapa, na tumeendelea kupiga.

Kutuma nimesitisha tangu nilipogundua. Nahitaji uniambie namna ya kuufanya uchukue majibu yote hata yakiwa marefu. Nimejaribu kuweka namba kubwa badala ya sabini lakini naogopa kugusa, na safari hii sitaki kubahatisha. Tafadhali jibu upesi.

Kwetu wote wazima.

Miwani

Jumapili, 17 Machi

Miwani,

Ondoa sabini. Usiweke namba yoyote mahali pake. Andika cut -c 31- hivyo hivyo, kistari kisha hakuna kitu. Ukiacha kistari wazi unauambia mkasi uanze hapo uende mpaka mwisho wa mstari, popote mwisho ulipo. Ile mashine ya takataka mmeshaitupa, kwa hiyo hakuna cha kuogopa. Jaribu kwa mistari michache ya zamani kwanza, ulinganishe kwa macho na faili la maabara.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Sasa na mimi niseme. Ule mstari niliuandika kwa mzee aliyekuwa haandiki zaidi ya maneno manne. Ulifanya kazi miaka. Mtu akibadilisha mashine, akabadilisha na namna ya kuandika majibu, anatakiwa aje kuuliza chumba cha kompyuta. Mlinibadilishia mzigo bila kuniambia na leo gari ni bovu? Nilikuwa nimeshaondoka. Mniache.

Nimeamka asubuhi nikasoma hayo ya juu nikaona aibu, lakini nayaacha ujue nilivyoyapokea. Ilikuwa dakika moja tu ya kazi kuacha kile kistari wazi. Nilijua kwamba kinaweza kuachwa wazi. Nilipenda majibu yatoke yamenyooka.

Niambie, kuna aliyechelewa? Yaani mtu ambaye angerudi wakati ule ingekuwa nafuu, na sasa siyo. Usinipambie. Na mbona Mama hapokei simu? Nimempigia mara tatu. Mara ya mwisho alipokea akasema yuko kwenye gari na mwanafunzi, lakini sikusikia gari.

Kaka

Jumatatu, 25 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kistari wazi kimefanya kazi. Nimelinganisha mistari mia moja kwa macho, kisha daktari akalinganisha tena, maana siku hizi hamwamini mtu na simlaumu. Majibu yanatoka mpaka nukta ya mwisho.

Wengi tuliowapigia wamerudi. Wengine wametutukana kwanza ndipo wakarudi. Ni mapema kusema nani kachelewa na nani hakuchelewa, vipimo vinachukua muda.

Mama yuko kwangu kwa wiki chache. Anapumzisha mgongo, ile kazi ya kukaa kwenye gari siku nzima imemchosha. Hapokei simu kwa sababu analala mchana. Amenishusha kitandani, mimi ndiye ninayelala kwenye kochi, na jana kanikosoa namna ninavyofunga mlango. Kwa hiyo hajambo.

Mwangalie wifi. Akijifungua tu tuambie, hata iwe saa ngapi.

Miwani

Jumanne, 9 Aprili

Miwani,

Ni msichana. Wako salama wote wawili, mama yake anakula kila kinachopita mbele yake. Nilikutumia picha jana na ukajibu kwa vimoyo vingi kuliko kawaida yako.

Nilitaka kumtumia Mama picha hiyo hiyo. Nikafungua mazungumzo yangu na yeye, na pale juu kabisa ya picha zake za gari upo ule ujumbe wake wa Novemba. Nimeusoma mara ngapi? Nimeusoma siku mbaya zote za miezi hii. Jana nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali na mtoto wangu yuko nyuma ya kioo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hauna nukta.

"Hakuna dalili ya ugonjwa kwenye kipande". Nilikaa kwenye benchi nikahesabu kwa kidole. Herufi thelathini na tisa pamoja na nafasi zake. Ya arobaini ni ile nafasi tupu inayokuja kabla ya neno linalofuata. Nilihesabu tena kwa sababu nilitaka sana nipate idadi nyingine. Nesi alidhani nalia kwa furaha, akaniletea kiti kizuri zaidi.

Nimerudia kusoma barua zako. Nilikuuliza maswali mawili, kuna aliyechelewa, na Mama ana nini, ukanipa mwanzo tu wa kila jibu. Mapema kusema. Anapumzisha mgongo. Unaandika kama ule mstari wangu.

Sikukasirikii. Naelewa nani alikuamuru, nasikia hata sauti yake. Lakini mtoto ameshazaliwa na hakuna tena wa kukingwa isipokuwa mimi, na mimi sitaki. Nitumie yote. Anzia unapotaka, lakini mwishoni usiweke namba.

Kaka

Alhamisi, 11 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na hongera. Nimemwonyesha Mama picha. Amesema pua ni ya kwake na hakuna majadiliano.

Haya ndiyo yote. Uliponiandikia kwamba bado una ujumbe wake, nilivunja sheria, nikatafuta mstari wake kwenye faili. Ulikuwa unaendelea: kipande kilicholetwa ni kidogo mno na hakitoshi, arudi wiki hii achukuliwe kingine. Nilikwenda nyumbani Jumamosi nikamwambia ndani ya gari lake. Alikuja tarehe kumi na nne, siku ile ile niliyokuandikia kwamba kwetu wote wazima. Nilikuwa nakuandikia naye amekaa nyuma yangu anavua viatu.

Kipande cha pili kina ugonjwa. Umeshahama kwenye kinundu, umefika kwapani. Nilimuuliza daktari swali lako, kwamba angerudi Novemba ingekuwaje. Aliniambia, "Novemba ningemwambia ni kidogo. Leo siwezi kumwambia hivyo." Kisha akasema kuna matibabu, wala hakusema hivyo ili kunipoza, ile tabia ya kuanza na zuri ameiacha kabisa. Siku hizi baya analiandika mbele.

Na wengine, kwa kuwa uliuliza. Karibu wote wamerudi. Simu ya mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mabomba ilipokelewa na binti yake, akaniambia baba alifariki Februari, na kwamba mpaka siku ya mwisho alikuwa akiwaambia wamwache alale, hospitali imeshasema ni mzima. Nilimsikiliza mpaka akakata simu mwenyewe. Hilo nimelibeba peke yangu na sasa nakupa nusu, samahani.

Leo asubuhi Mama amepelekwa chumba cha upasuaji. Jana nilimsomea barua yako. Aliomba karatasi, na leo tangu alfajiri alikuwa anakuandikia. Nakunakilia hapa kama alivyoandika.

"Mwanangu,

Mdogo wako kanisomea kwamba umehesabu. Tangu utotoni ukishikwa na woga unahesabu vitu, vigae, ngazi, nilikuwa nakuona.

Usije ukasikia kwa watu kwamba mama yako hakukulaumu. Nilikulaumu siku mbili. Ya tatu nikamlaumu daktari kwa adabu yake, nikamlaumu na mdogo wako kwa kutosoma. Kisha nikakumbuka kwamba kile kinundu kilikuwa pale pale miezi yote minne. Nilikuwa nikioga nakigusa. Nikaamini simu nikaacha kuamini mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo tuko wengi, na sina nguvu ya kuwapanga kwa mstari.

Mtoto msimpe jina kabla sijamwona. Nikipata nafuu nitakuja huko na gari nitaendesha mwenyewe, wewe kona za kushoto hujawahi kuziweza. Mwambie mkwe wangu ale.

Jambo moja nataka ulijue. Ile siku ya Novemba nilipopata ujumbe nilifurahi sana. Nilifungua madirisha yote ya nyumba. Nilikupigia wewe kwanza, kabla ya mdogo wako, na tukacheka. Sasa watu wananiambia ile furaha ilikuwa ya uongo, na mimi nimeifikiria sana hapa kitandani, naona kwamba ile furaha"

Barua yake inaishia hapo, Kaka. Waliingia na kitanda cha magurudumu, akanipa kalamu, akavua pete. Nilimuuliza alitaka kumalizia vipi ili niandike. Alisema nisiongeze hata neno moja, atamaliza mwenyewe akitoka.

Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango na kompyuta magotini. Karibu inafika saa sita na mlango haujafunguliwa. Ningeweza kusubiri nijue, halafu nichague la kukuambia. Nakutumia sasa, nikiwa sijui. Sijakata kitu.

Mdogo wako,
Miwani